Mtupo wa Bibi Ardith

Sehemu ya Kumi na Moja

Haya, tulieni. Wiki nzima mmenisonya dukani, mmeninunia kanisani, na mama mmoja wa posta amekataa kunigongea muhuri mpaka nimwambie kama Tessa alifunga au alikosa. Sikumwambia. Barua yangu nimerudi nayo nyumbani.

Basi tukumbushane. Ni Jumamosi mchana, theluji imefika magotini, na ndani ya ukumbi wa Chuo cha Mill Fork wamejaa watu elfu mbili, katika mji wenye watu elfu moja na mia nane. Saa ya ubaoni inasoma sifuri. Wageni Dunmere wana sitini na mbili, Mill Fork sitini na moja. Tessa Weddle kasukumwa akiwa hewani, na refa kapuliza filimbi.

Mitupo huru miwili, na wakati umekwisha. Wenzake wote wamesogezwa pembeni, kabaki yeye na kikapu. Akifunga miwili, Mill Fork ni bingwa na wanakwenda mashindano ya taifa. Akifunga mmoja, wanaongezewa dakika tano. Akikosa yote, ndiyo buriani, kwa sababu Tessa yuko mwaka wa nne na chuo hakina mwaka wa tano.

"Sasa shida iko wapi?" atauliza msomaji aliyetukuta leo. "Si mnasema ni mchezaji bora tangu chuo kijengwe? Si ana pointi zaidi ya elfu mbili?"

Shida, ndugu yangu, ni kwamba Tessa hufunga akikimbia, hufunga akianguka, hufunga huku mikono ya watu watatu iko usoni mwake. Lakini mwache peke yake mbele ya kikapu, asiguswe na mtu, utadhani anamtupia kunguru jiwe. Msimu huu amefunga mitupo huru arobaini na mmoja kwa kila mia. Muuza bisi wa mlangoni angefanya vizuri zaidi.

Refa akampa mpira. Tessa akaudundisha mara moja. Akaudundisha mara ya pili.

Filimbi!

"Muda!" Alikuwa Merle Haskett, kocha wa Dunmere, mzee wa miaka sabini na minne. Huyu amekwisha kustaafu na kuagwa mara tatu, akapewa saa ya ukutani mara tatu, na mara zote tatu amerudi kazini. Hakuwa na lolote la kuwaambia wachezaji wake. Muda ule ulikuwa wa kumgandisha Tessa, asimame, afikiri, mikono ipoe. Makocha wote hufanya hivyo na hakuna anayeona haya.

Tessa akaenda benchi. Kocha wake, Lorna Fisk, alikuwa akitafuna bigijii kwa kasi ya cherehani.

"Kiwiko ndani. Macho kwenye pete ya kikapu. Tupa juu, kama kwenye mazoezi."

"Ndiyo, Kocha."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi, Kocha."

Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka soksini.

Bertie Coombs, mgawa mipira wa timu, msichana mfupi mwenye mdomo mrefu, akamvuta jezi kwa nyuma. "Tupa ule wa bibi yako."

"Nyamaza."

"Nimekuona kwa macho yangu haya, bandani kwenu."

"Bertie, nakuomba. Nyamaza."

Bertie alikuwa amemwona kweli. Sikukuu ya Shukrani iliyopita alialikwa kula bata mzinga kwa akina Tessa, na baada ya chakula wakaenda kwenye banda la nyasi lenye kikapu kilichopigiliwa ukutani. Tessa akatupa mia, akafunga tisini na tatu, huku wakibishana ni nani amemaliza pai ya krimu.

Lakini alitupa vipi? Kwa mikono miwili, mpira ukianzia chini katikati ya magoti, ukiinuliwa taratibu kama mtu anayemwaga maji ya beseni juu ya ua. Ndivyo walivyotupa zamani, enzi za sketi ndefu. Hakuna mtupo mzuri kuliko huo, na wachezaji wote wa kikapu wanalijua hilo. Na wote wangependa wakose mia kuliko waonekane wakiutupa. Wanauita mtupo wa bibi. Msiniulize kwa nini. Nimeishi na watu hawa miaka mingi na bado sijawaelewa. Uso umeumbwa na haya, lakini wenzetu hawa wamezidi.

Kwa Tessa jina hilo lilikuwa na ukweli mtupu. Aliyemfundisha ni bibi yake, Ardith Weddle, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Bibi alimfundisha kupinda magoti. Akamfundisha kugonga mpira mara mbili kwenye goti la kushoto kabla ya kutupa, "ili uamke." Tessa alipouliza nani alimfundisha yeye, Bibi alijibu siku zote, "Mjinga mmoja wa zamani," akageuka kuangalia tanuri hata kama halikuwa na kitu.

Mwaka wake wa kwanza chuoni, walipokwenda kucheza Dunmere, Tessa alitupa hivyo mara sita na zote sita zikaingia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wanafunzi wa Dunmere wakampigia kelele: "Bibi! Bibi! Meno yako yameanguka!" Mchezo ulipokwisha, Gil Tapscott wa gazeti letu la mjini akamsogelea na daftari.

"Nani alikufundisha kutupa vile?"

Tessa alikuwa na miaka kumi na minane, na mashavu yalikuwa yakimuwaka moto. "Hakuna mtu," akasema. "Ulikuwa mzaha tu."

Kesho yake ikatoka kwa herufi nene: ULIKUWA MZAHA TU, ASEMA WEDDLE.

Bibi Ardith hakugomba wala hakununa. Alichukua mkasi, akaikata habari ile vizuri kwa kufuata mstari, akaibandika kwenye mlango wa friji katikati ya riboni zake za mashindano ya pai. Iko pale mpaka leo. Kwa miaka minne, kila Tessa akienda kuchukua maziwa, anasoma uongo wake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo Bibi hakukanyaga tena ukumbini. Magoti, alisema, hayawezi ngazi. Magoti hayohayo yalipanda ngazi ya darini kila asubuhi. Mechi alizisikiliza redioni huku akifuma, na redio ikimtaja kocha wa Dunmere alipunguza sauti ili, alisema, asimalize betri. Redio yenyewe ni ya umeme.

Lakini leo alikuja. Leo ni siku ya kuwaaga wanaomaliza, na desturi ya chuo ni kwamba kila mmoja anasindikizwa na watu wake mpaka katikati ya uwanja, anawapa ua, watu wanapiga makofi, akina mama wanalia. Tessa alikwisha kujiandaa kutembea peke yake. Dakika ya mwisho akaliona koti jekundu likiingia mlangoni, na juu yake kofia ya kanisani imevutwa mpaka kwenye nyusi.

"Bibi! Umekuja!"

"Nimekuja kuuangalia huo mzaha," akasema Bibi.

Kisha akaomba watembee upande wa kushoto, mbali na benchi la wageni, kwa sababu ya upepo. Upepo, ndani ya ukumbi! Tessa akamsindikiza hukohuko kushoto. Lile neno "mzaha" lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa mmeelewa. Turudi mstarini.

Tessa akasimama. Kiwiko ndani, macho kwenye pete. Nyuma ya kikapu, wanafunzi mia moja wa Dunmere walikuwa wamevaa mawigi ya mvi, miwani na shali, kama walivyofanya kila mechi kwa miaka minne, na wote walikuwa wakijifanya wanafuma. Akatupa juu.

Mpira ukagonga pete, ukaruka, ukaangukia meza ya waandishi na kumwaga kahawa ya Gil Tapscott.

Ukumbi mzima wa Mill Fork ukaguna kwa mpigo mmoja. Ushindi wa moja kwa moja umekwenda. Umebaki mtupo mmoja, wa kusawazisha tu.

"Muda!" Haskett tena.

Safari hii Tessa hakwenda benchi. Bertie akamfuata.

"Nikuulize kitu, na unijibu kweli," akasema Bertie. "Unaogopa kuchekwa kuliko unavyoogopa kushindwa?"

Tessa akafikiri. "Ndiyo."

"Basi hapo umesema kweli. Mimi ningesema hapana, halafu nikakosa." Akaelekeza kidevu kule kwenye mawigi. "Watoto wa watu wale wamebeba nywele za farasi miaka minne kwa ajili yako. Huwaonei huruma?"

Tessa hakucheka. Alikuwa anaangalia jukwaani, safu ya tatu, kwenye koti jekundu. Bibi alikuwa akifuma, kama yuko jikoni kwake. Halafu, mbele ya macho ya Tessa, akaacha kufuma. Akachomeka sindano mbili kwenye donge la uzi, akaliviringa, akalitia mfukoni mwa koti.

Bibi Ardith huwa haviringi uzi mpaka jambo liwe limekwisha. Kwenye mazishi ya mumewe, Babu Clyde, aliviringa baada ya kaburi kufukiwa, si kabla.

Bibi akasimama. Akavua koti kwa sababu ya joto, akalitundika mkononi, akaanza kushuka ngazi kuelekea mlangoni.

Anaondoka! Miaka minne amekaa nje kwa sababu ya neno moja, amerudi siku moja, na anaondoka akiwa na neno lilelile. Akitoka mlango ule, ile karatasi kwenye friji itakuwa kweli milele.

"Bibi!"

Ukumbi ulikuwa umenyamaza, kama watu wanavyonyamaza kabla ya mtupo. Kila mtu alisikia.

"Bibi, kaa chini!"

Bibi Ardith akageuka. "Nakwenda kuwasha gari lipate moto!"

"Kaa chini! Sijamaliza!"

"Naona umemaliza!"

Watu wakaanza kucheka. Refa akakuna kichwa. "Binti," akasema kwa upole, "utatupa, au tuwaachie muda muongee mambo ya nyumbani?"

"Nitatupa akikaa."

"Mama," refa akaita jukwaani, "tafadhali, tuna watu wengine wanataka kurudi kwao."

Basi Bibi akakaa. Alikaa palepale kwenye ngazi, akaliweka koti kwenye kiti kitupu kando yake, akakunja mikono. "Haya," akasema. "Nimekaa."

Tessa akapokea mpira. Akaugonga kwenye goti la kushoto mara mbili.

Kule kwenye mawigi mtu akapiga ukelele: "Anautupa! Jamani, anautupa mtupo wa bibi!" Na kicheko kikalipuka, kicheko kilekile cha miaka minne iliyopita, mawigi yakirushwa juu. Tessa akakisikia chote. Mashavu yakamuwaka vilevile. Msidhani ushujaa unazima haya. Akapinda magoti, mpira ukashuka katikati, ukapanda, akauachia.

Ukaingia bila kugusa pete. Wavu tu ndio uliotikisika.

Sitini na mbili kwa sitini na mbili.

Wenyeji waliruka mpaka benchi la nyuma likavunjika. Kwenye benchi la wageni, Merle Haskett, ambaye hakuwa amekaa tangu mechi ianze, akakaa. Watu walidhani ni kwa sababu ya matokeo. Yeye hakuangalia ubao. Alikuwa anaangalia goti la kushoto la Tessa.

Jamani, hakuwahi kuuona mtupo ule wa Tessa. Mwaka ule wa kwanza wa kicheko alikuwa ndiyo kastaafu mara ya pili, yuko Florida anavua samaki.

Dakika za nyongeza zikaanza, na hapo ndipo kizaazaa.

"Mfanyieni faulo Weddle," Haskett akaagiza.

Lilikuwa agizo la busara. Mtu mwenye arobaini na mmoja kwa mia, unamgusa makusudi, unampeleka mstarini, anakosa, unachukua mpira wako. Wakamgusa. Tessa akaenda mstarini, akagonga goti mara mbili, akatupa kutoka chini. Miwili ikaingia.

"Bahati," akasema msaidizi wa Haskett, akiangalia karatasi yake ya takwimu.

"Mfanyieni tena," akasema Haskett.

Miwili ikaingia.

Msaidizi akaigeuza karatasi upande wa pili kuona kama kuna maelezo. "Kocha, nadhani tuache."

"Tena."

"Kocha, anaingiza!"

"Nimesema tena. Sikumwona vizuri mguu."

Mguu? Msaidizi akamtazama mzee kama mtu anayemtazama babu yake akivaa viatu kichwani. Lakini kocha ni kocha. Wakamgusa tena. Miwili ikaingia, na ya mara ya nne nayo ikaingia. Kule nyuma ya kikapu mawigi yakaanza kuvuliwa, moja hapa, moja pale. Msichana mmoja akakiangalia kile alichokuwa anajifanya kukifuma, akaona hana kitu mkononi, akaanza kupiga makofi.

Sabini kwa sabini. Zimebaki sekunde tisa, mpira uko kwa Tessa.

Msaidizi hakusubiri agizo. Aliruka mbele ya mzee, akawapigia kelele wachezaji mpaka sauti ikakauka: "Msimguse! Yeyote asimguse! Akisogea, sogeeni!"

Watoto wa Dunmere ni watiifu, Mungu awabariki. Tessa aliposogea, walisogea. Alipopita katikati, walimpisha wakiwa wamenyoosha mikono juu, wakijibana kama watu wanaompisha bibi harusi kwenye korido. Akafika chini ya kikapu asiamini macho yake, akauweka mpira ndani taratibu kama anayerudisha yai kwenye kiota.

King'ora kikalia. Sabini na mbili kwa sabini.

Sina haja ya kuwaeleza yaliyofuata. Bertie alimpanda Tessa mgongoni na kukataa kushuka. Kocha Fisk alimeza bigijii. Ngazi ikaletwa, maana bingwa lazima akate wavu wa kikapu kwa mkasi, kila mchezaji kipande chake, na Tessa akasukumwa apande wa kwanza. Alipokuwa juu, mkasi mkononi, Gil Tapscott akaja chini ya ngazi na shati lake lenye kahawa. Alikuwa na kipaza sauti cha ukumbi.

"Tessa Weddle," akasema, na sauti yake ikajaa kuta zote, "miaka minne iliyopita nilikuuliza swali. Naomba niliulize upya. Nani alikufundisha kutupa vile?"

Tessa akaangalia ngazi za jukwaa. Bibi alikuwa amekaa palepale, mikono imekunjwa, anaangalia viatu vyake.

"Mwaka ule nilikudanganya, Bwana Tapscott," Tessa akasema. "Haukuwa mzaha. Niliona haya. Kutupa huko nimefundishwa na bibi yangu, bandani kwetu, kila siku baada ya kukamua ng'ombe, mpaka vidole vyangu vikashindwa kukunjika kwa baridi. Kila nilichonacho kwenye mchezo huu kimetoka kwake. Nimemkana mbele za watu, na leo mbele za watu naomba anisamehe."

Bibi Ardith akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta muda mrefu sana.

"Jina lake nani?" Gil akauliza, kalamu tayari. "Na safari hii nipe kamili, nisikosee."

Naye Tessa, ambaye safari hii hakutaka pawe na kosa hata la herufi, akalitoa lote. "Ardith Weddle," akasema. "Kabla hajaolewa, Ardith Pruett, wa Bonnet Creek."

Kwenye ngazi za jukwaa Bibi akainua kichwa ghafla. Akaanza kupunga mikono miwili: hapana, hapana, lile la pili hapana! Tessa akadhani ni furaha. Akampungia naye.

Upande wa pili wa uwanja, Merle Haskett alikuwa akielekea chumba cha kubadilishia nguo na ubao wake wa kuchorea. Ubao ukamtoka mkononi. Mlio wake ulisikika ukumbi mzima.

"Pruett," mzee akasema peke yake. Akageuka.

Tessa hakumwona. Alikuwa amekata kipande chake cha wavu, ameshuka ngazi tatu tatu, ameparamia jukwaa, na sasa amepiga magoti mbele ya bibi yake, anamvisha kile kipande cha wavu mkononi kama bangili.

"Basi, basi," akasema Bibi, akimfuta machozi kwa kidole gumba kama alivyomfuta alipokuwa na miaka minne. "Umenitia aibu nzuri. Lakini ulikuwa unapinda goti la kulia kuchelewa."

"Nimefunga tisa kwa tisa, Bibi!"

"Kwa bahati."

"Ile karatasi kwenye friji utaitoa?"

"Kwanza nione gazeti la kesho. Gil Tapscott simwamini." Kisha sauti ikashuka. "Tessa, mwanangu, kwa nini umelitaja la Pruett? Nani alikutuma? Haya, haraka, twende. Huyo mzee anakuja huku?"

"Mzee gani?"

"Usigeuke! Nimesema usigeuke."

Tessa akageuka. Merle Haskett alikuwa anapanda ngazi, ngazi moja baada ya nyingine, kofia kifuani. Wachezaji wake walikuwa wamemfuata nyuma wakiwa na mawazo ya ugomvi, na Bertie alikuwa amewafuata wao akiwa na matumaini ya ugomvi.

"Nilipoliona goti, nikasema haiwezekani," mzee akasema. Hakuwa anamwangalia Tessa hata kidogo. "Mara ya pili nikasema labda. Mara ya tatu na ya nne, Mungu anisamehe na watoto hawa wanisamehe, nilikuwa nataka kuangalia tu."

"Wewe sikujui," akasema Bibi Ardith, akiongea na uzi wake wa wavu.

"Mara mbili kwenye goti la kushoto, ili uamke. Maneno hayo ni yangu. Nilikufundisha mimi, nyuma ya kanisa la Bonnet Creek, mwaka wa 1941."

Tessa akamwangalia mzee, akamwangalia bibi yake. Akilini taa ikawaka polepole. "Bibi. Si ulisema ni mjinga mmoja?"

"Mjinga mmoja?" akauliza Haskett.

"Wa zamani," akasema Bertie kwa nyuma, kwa msaada.

"Ardith, tulikuwa dansini," mzee akaendelea, na sauti yake haikuwa tena ya kocha. "Nilikuwa nimekuuliza swali, na nilikuwa na pete mfukoni. Ukasema, 'Ngoja, nakwenda kuchukua koti langu.' Nikangoja. Wakazima taa, nikangoja. Ni miaka hamsini na saba, Ardith. Hilo koti lilikuwa wapi?"

Hata walioshika ngazi ya kukatia wavu waliacha kuishika, na Kocha Fisk, aliyekuwa juu, akaning'inia kwenye pete bila kulalamika.

Bibi Ardith Weddle, mwanamke asiyeogopa fahali wala dhoruba, akawa mwekundu mpaka shingoni. Siku ile aliyotaka mjukuu wake aache kuona haya, haya zote zilikuwa zimehamia kwake.

"Tessa," akasema kwa sauti nyembamba, bila kumwangalia mtu. "Niletee koti langu."

"Hapana, Bibi," Tessa akasema, na akamshika mkono wenye bangili ya wavu. "Leo kaa chini."

"Tessa!"

"Kaa chini, Bibi. Hujamaliza."

Bibi akanyoosha mkono mwenyewe kwenye kiti cha kando. Akapapasa kitini na chini ya kiti. Hakukuwa na kitu.

Merle Haskett akashusha kofia iliyokuwa kifuani. Nyuma ya kofia, amelikunja vizuri kwenye mkono wa kushoto, kulikuwa na koti jekundu lenye donge la uzi mfukoni, alilolichukua kitini Bibi alipokuwa akiongea na uzi wake wa wavu.

"Safari hii," akasema, "koti ninalo mimi."